Dosie ya Kapinga

Barua zilikuwa arobaini na moja. Blandine alikuwa na hakika, kwa sababu Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1999, alikaa kando ya fundi akazihesabu moja baada ya nyingine, akitia alama kwa penseli katika daftari la shule. Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, aliwasha kompyuta ya sebuleni akakuta arobaini na mbili.

Ile iliyozidi ilikuwa chini kabisa, kwa herufi nzito, kama barua ambayo bado haijasomwa na mtu. Aliyeiandika alikuwa mama yake. Tarehe yake ilikuwa 14 Agosti 1995. Mama yake alifariki Mei 1997.

Hakuifungua. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanamngoja, naye hakuwa mtu wa kuchelewa. Lakini alipoinuka alisikia harufu iliyomsimamisha: blanketi lililolowa, mkojo, moshi wa makaa na chuma kilichosuguliwa. Alifikiri ni panya amekufa nyuma ya kabati. Akafungua madirisha yote mawili, akatoka.

Inafaa kusema jinsi barua hizo zilivyoingia katika nyumba ile ya mtaa wa Panda, mjini Likasi, maana katika familia hii mambo mengi yamesemwa nusunusu.

Clémentine Kapinga alikuwa mpiga taipu katika ofisi za kampuni ya migodi, na mumewe, Damas, alikuwa fundi wa simu wa kampuni hiyohiyo. Damas ni mtu wa Katanga, jimbo la hapo. Clémentine alizaliwa Likasi hapahapa, lakini wazee wake walitoka jimbo la Kasai. Mwaka 1992 vijana walianza kupita mitaani wakiwaita Wakasai bilulu, yaani wadudu, na kuwaamuru warudi kwao. Clémentine akatoka nyumbani na mabunda mawili na mtoto wa mwisho, Michel, mwenye miaka sita. Blandine alikuwa kwa masista, Lubumbashi, akimaliza sekondari. Aliporudi, baba yake alimpa maneno machache: mama alipanda treni ya kwanza, alipata mahali pa kukaa, wamefika salama. Mwaka uliofuata akamwambia kwamba Michel amekufa kwa malaria huko Mbuji-Mayi, Kasai. Blandine aliyaandika yote katika daftari la familia, kwa tarehe, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomfundisha: jambo lisiloandikwa huwa na watu wengi wa kuligeuza.

Mwaka 1995 Clémentine alipata kazi ya taipu kwa mapadri wa Mbuji-Mayi. Mapadri hao walikuwa na kompyuta iliyotuma barua kwa redio mpaka misheni ya Likasi. Damas naye alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoachiwa ofisi zilipofungwa, na waya wa simu wa kampuni, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutunza, uliiunganisha nyumba na misheni. Kila Ijumaa Damas alipiga misheni kwa kompyuta, kisanduku cha simu, yaani modemu, kikalia filimbi yake, barua ikashuka. Zote zilianza hivi: “Mutoto wangu Blandine.” Ndani yake mlikuwa na majina ya mababu mpaka kizazi cha saba, siku aliyozaliwa kila mmoja, namna ya kupika matamba, majani ya muhogo ambayo Likasi huitwa sombe, na habari za nani alimwoa nani na kwa nini walinuniana. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye karatasi, maana wino wa kuzichapa haukupatikana Likasi nzima. Barua za mama yake zilikuwa ndani ya kompyuta ile, na hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Ndipo misheni ikatangaza kwamba njia ya zamani ya kupokea barua itafungwa. Evariste, fundi wa misheni, alikuja kuibadilisha.

“Papa Damas, hii masini yako, kama ingekuwa muntu, ingeisha kupata pansio,” alisema alipokwisha kuichungulia. “Mulango ya disketi ilikufa. Haiwezi kutoa kintu hata kimoja. Tutapita ku laini ya simu tu.”

“Fanya kazi. Kuchekesha utafanya kwenu,” Damas alijibu.

Evariste akamgeukia mwalimu Blandine. “Maitresi, sikia muzuri. Njia ya zamani, tunaiita POP, iko hivi: barua inafika ku misheni, masini yenu inaenda kuikamata, inaileta hapa. Kule kunabakia mutupu. Ya mupya, inaitwa IMAP. Pale sanduku yenyewe iko kule, na hapa ni kioo tu. Unaona mu kioo bintu bile biko kule. Kule kukiwa mutupu, hapa nako kunakuwa mutupu.”

“Kwa hiyo ukigeuza sasa, barua za mama zinapotea.”

“Nikigeuza kama mujinga, ndiyo. Lakini minye si mujinga, hata kama bibi yangu anasema vingine. Tunafungua dosie mupya kule juu, ni kama jalada, tunazipandisha moja moja, tunazihesabu, kisha njo ninageuza. Na muangalie: tangu pale, chenye munafuta hapa, na kule kimefutika. Dosie ninaiita namna gani?”

“Clémentine Kapinga,” Blandine alisema.

Damas, aliyekuwa ameegemea mlango, akasogea. “Ile jina hapana.”

“Juu ya nini?”

“Andika ‘Famille’. Andika ‘Barua’. Ile jina hapana, Blandine.”

“Papa, tangu mama alikufa haujataja jina yake hata mara moja. Weye unaogopa nini? Evariste, andika. Yote mbili.”

“Si hata shiye wenyewe tutakuwa tunaitaja,” Evariste alisema, akitaka kuwapatanisha. “Ni masini. Kila robo saa inaita kule: dosie Clémentine Kapinga, iko kintu kipya? Kule kunajibu. Ni vile tu.”

Damas alitoka nje, akaacha mlango wazi.

Mtu mwenye kujua desturi za watu wa pale angeshtuka kama yeye. Matanga ya Clémentine hayakuwahi kukaliwa. Habari ya kifo ilipofika, Damas alisema hakuna maiti, hakuna kaburi, watalia juu ya nini? Hakuna aliyelala chini, hakuna aliyenyoa, hakuna aliyeondoa matanga. Na mfu ambaye matanga yake hayajaondolewa haitwi kwa jina lake lote. Ukimwita hivyo, unamwambia kwamba mlango wake bado uko wazi. Sasa nyumba ile ilikuwa inamwita mara nne kwa saa, mara tisini na sita kwa siku, na umeme ulipokatika iliendelea kumwita kwa batri ya gari.

Jumatano ile Blandine alirudi saa saba mchana. Harufu ilikuwa bado sebuleni, ingawa madirisha yalikuwa wazi. Akakaa, akaifungua barua ya arobaini na mbili.

“Damas. Hii si ya mutoto. Wiki saba tulilala ku gare ya treni ya Likasi, mu baridi ya asubuhi na mu jua, kilometa mbili na nyumba yako. Treni haikukuya. Ulijua kama tuko pale. Nilituma muntu akuite. Haukukuya.”

Aliisoma mara tatu, kwa kidole juu ya kioo, kama anavyowafundisha wanafunzi wake. Treni ya kwanza. Mahali pa kukaa. Maneno hayo alikuwa ameyaandika kwa mkono wake katika daftari la familia, kwa wino, na kuyapigia mstari.

Damas alipoingia, Blandine hakumsalimu.

“Soma.”

Damas aliinama, akasoma, akajikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji. “Hii iliisha kufutwa,” alisema.

“Nani aliifuta?”

Damas alifunga dirisha la upande wa barabara.

“Nani, Papa?”

“Masini yenyewe inaharibika. Evariste ameiharibu.”

“Wiki saba, Papa! Minye niliandika treni ya kwanza. Miaka saba ninakuandikia uongo yako mu daftari ya familia!”

“Sauti chini. Bajirani beko wanasikia.”

“Wasikie!” Blandine alisema, lakini hapohapo kisanduku cha simu kikaanza filimbi yake, na wote wawili wakaigeukia kompyuta. Filimbi ilipanda, ikashuka, ikakwaruza kama kawaida, na chini ya kukwaruza kule, kwa mbali, kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta mnene, kulikuwa na mtoto anakohoa.

Alhamisi Blandine alienda misheni. Evariste alimfungulia sanduku kwenye kompyuta kubwa, wakahesabu pamoja. Zilikuwa arobaini na moja.

“Ile ingine uliiona wapi?”

“Mu nyumba.”

“Maitresi, kioo hakionyeshe kintu chenye hakiko,” Evariste alisema, na safari hii hakucheka. Akaongeza kwamba tangu Jumanne hakuona nyumba yao ikipiga, lakini hakulikazia neno hilo, kwa maana umeme wa misheni nao ulikuwa unakatika kila mara.

Alipotoka misheni, Blandine alimtumia ujumbe shangazi yake Albertine, aliyekaa Kambove, kwa dereva wa lori.

Ijumaa saa sita mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati na mtaa mzima umejificha ndani, Blandine alikuwa anasahihisha madaftari mezani wakati filimbi ilipolia. Aliiangalia saa. Robo saa ilikuwa haijafika. Zilikuwa zimebaki dakika tisa. Filimbi ikaendelea bila kukatika, ikawa nyembamba, ikawa kama uzi unaovutwa kutoka ndani ya sikio, na harufu ile ikaingia kwa pumzi, ikitoka na kurudi kama inavyotoka na kurudi kifua cha mtu aliyelala, na juu ya saruji ya sebule, kuanzia mlangoni mpaka kwenye meza ya kompyuta, aliona nyayo ndogo za majimaji zikichapika moja baada ya nyingine, polepole, nyayo za mtu asiye na viatu na asiye na haraka, mpaka mbili za mwisho zikasimama ubavuni mwa kiti chake, zimeelekea kwake. Hapo kikohozi kikalia. Hakikutoka tena ndani ya waya. Kilitoka usawa wa kiwiko chake.

Hakupiga kelele. Aliuma penseli mpaka ikavunjika. Nyayo zilipokauka, alinyoosha mkono, akaifungua barua ya arobaini na tatu.

“Damas. Nilikuita mara ya pili wakati Michel alianza kukohoa. Nilituma mwana wa jirani, mwenye unamujua, ule wa baiskeli. Alikukuta unakula. Ulimwambia aseme hauko.”

Jumamosi Albertine alifika. Alikuwa dada mkubwa wa Damas, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na pia mtu aliyeitwa toka Kambove mpaka Kakontwe kila nyumba ilipokuwa na mgeni asiyeonekana. Alikuwa na ufagio mfupi, pemba, ule udongo mweupe wa matambiko, katika kitambaa, na chupa ya maji ya baraka.

“Minye nilizani ni nyoka,” alisema alipoonyeshwa kompyuta. “Kumbe ni televizio njo inawakimbiza? Damas, unanenepa mu woga, eh?” Kisha filimbi ikalia. Albertine akageuza kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa chini.

“Huyu ni wa kwetu. Na yuko na mutoto.”

“Mutoe basi, Yaya,” Damas alisema. “Mumwagie maji, mufagie, atoke.”

“Jini ya namna hii haitoke na maji. Huyu alishafukuzwa mara moja. Alishajua njia ya kurudia.” Akamwangalia ndugu yake kwa muda mrefu. “Blandine ameniambia barua ni mbili. Ziko ngapi zenye ulifuta?”

Damas alitazama sakafu. “Tatu.”

“Basi ya tatu inakuja. Ikifika, unakaa pale, unamujibu. Unasema kweli, kwa mukono yako, jina yako chini. Kisha tunalala chini, tunalia, ninaondoa matanga, ninamupeleka. Na akikuita kwa mudomo, usiitike. Muntu mwenye uhai anaita mara tatu. Mufu anaita mara moja tu, na mwenye kuitika amekubali kwenda.”

“Na barua zangu?” Blandine aliuliza. “Tantine, akiondoka, zile barua zinabakia?”

“Kile alichokupa weye hawezi kukinyang'anya. Yeye anadai kwa huyu.”

Jumapili, baada ya misa, mawingu yalijaa juu ya kiwanda cha Shituru na radi ya kwanza ya msimu ikapita mbali bila mvua. Saa tisa barua ya arobaini na nne ilifika. Albertine alikuwa amechora mstari wa pemba kuzunguka meza. Damas alikaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja. Blandine alisimama nyuma yake akasoma kwa sauti.

“Damas. Mara ya tatu nilikuita kwa kumuzika. Michel alikufa mu wiki ya tano, ku gare, saa ya asubuhi. Tulimuzika nyuma ya reli na mwiko ya saruji yenye tuliomba. Nilikuita ukuye tu kushika muguu yake. Niliambia ule muntu: mwambie simurudii nyumba, simuulizi kintu, akuye tu. Mutoto alikuwa anakuita mpaka mwisho. Alizani unakawia ku kazi.”

Blandine aliacha kusoma. Bati lilikuwa linalia kwa joto.

“Uliniambia malaria,” alisema. “Uliniambia Mbuji-Mayi.”

“Blandine, haujue ile wakati. Walipiga chaki ku mulango. Ningetoka kwenda kule, wangesema huyu ni bwana ya bilulu. Wangechoma nyumba. Ningekosa kazi.”

“Kazi gani? Ile yenye ilifungwa? Nyumba gani, Papa? Hii yenye mutoto wako anatembea ndani na miguu ya maji?” Alikuwa hapigi kelele. Kila neno lilitoka limenyooka, kama mistari anayopiga kwa rula ubaoni. “Kilometa mbili. Minye ninatembea kilometa mbili kila siku kwenda kufundisha bana ba wengine.”

“Jibu, Damas,” Albertine alisema. “Muda unapita. Andika.”

Damas aliweka vidole juu ya vitufe. Aliandika jina lake. Akalitazama. Nje upepo ulianza, vumbi jekundu likagonga madirisha, na harufu ya gare ikajaa chumba kiasi kwamba macho yaliwawasha. Na kadiri alivyokaa bila kuandika, ndivyo vitu vilivyozidi kusogea karibu, blanketi, moshi, chuma, pumzi za watu wengi waliolala ubavu kwa ubavu, mamia ya watu wanaogeuka usingizini juu ya saruji, mpaka ilionekana kama kuta za sebule zimerudi nyuma na kuacha mahali papana pasipo paa, na wao watatu wako katikati yake, mbele ya mwanga mdogo wa kijani wa kompyuta.

“Siwezi,” Damas alisema. “Nikiandika, itabaki. Watu watasoma.”

Na kabla Blandine hajamshika mkono, alichagua barua zote, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, akabonyeza kitufe cha kufuta, na kompyuta ilipouliza kama ana hakika, akakubali.

Dosie ikawa tupu. Mababu wa vizazi saba, siku za kuzaliwa, matamba, “Mutoto wangu Blandine” arobaini na moja. Blandine aliyakumbuka maneno ya fundi, chenye munafuta hapa, na kule kimefutika. Kwa kweli harufu iliondoka. Upepo ulitulia. Damas alipumua kwa nguvu, akajifuta uso kwa kiganja.

“Imeisha,” alisema. “Sasa tutapumzika.”

“Umemufukuza mara ya pili,” Blandine alisema.

Mwanga wa kijani ulizimika. Kisanduku cha simu hakikulia filimbi. Kilinyamaza, kisha ndani ya ule unyamavu sauti ya mwanamke, tulivu, iliyo karibu kabisa, sauti ya mtu anayemwita mumewe mezani, ikasema mara moja:

“Damas.”

Albertine alimrukia akaufunika mdomo wake kwa mkono wenye pemba. “Usiitike! Damas, kwa jina ya Mungu, usiitike!”

Damas alitikisa kichwa. Hakuitika. Macho yake yalimtoka, jasho likamtiririka juu ya vidole vya dada yake, na wakakaa hivyo, mmoja amemshika mwingine, mpaka mvua ikaanza kwa matone makubwa juu ya bati. Sauti haikurudia. Mfu huita mara moja. Albertine alihesabu mpaka mia, akauondoa mkono. Shavu la Damas lilikuwa na alama nyeupe za vidole vitano.

“Ameenda,” Albertine alinong'ona.

Hapo mtoto akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kikavu cha kifua kisicho na nguvu tena, na alipomaliza akavuta pumzi, akaita, kwa furaha kidogo, kama mtoto aliyemwona mtu aliyekuwa anamngoja akitokea mwisho wa njia:

“Papa.”

“Minye huyu,” Damas aliitika. “Niko nakuya.”

Aliinuka. Albertine alimkamata shati, shati likachanika. Alivuka mstari wa pemba, akavuka mlango, akaingia katika mvua bila kofia, akishika barabara ya gare. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Blandine alimwona mgongo wake mpaka jakaranda za kona zilipomficha. Angeweza kumwita. Hakumwita.

Jumatatu asubuhi Evariste alifika kwa miguu, viatu vyake vimejaa tope.

“Maitresi, wezi ya shaba walichimba laini yenu. Tangu daraja mpaka hapa kwenu, mita mia tatu, yote wamebeba. Sasa njo nimeona. Mulinzi anasema ni Mardi, Jumanne, alfajiri.”

“Mardi gani?”

“Ya wiki ile ingine. Siku moja baada ya kazi yetu. Hii masini haikuongea na misheni tangu siku sita.”

Blandine alimtazama. “Jana Papa alifuta barua zote.”

“Alifuta hapa. Laini haikuwa. Kule hakukufika kintu.” Evariste alijaribu kutabasamu, akashindwa. “Barua za mama yako ziko, zote makumi ine na moja. Wale wezi, Mungu awasamehe, njo wamezikomboa. Lakini ukuye uone. Minye sielewe kile niko naona.”

Misheni, kwenye kompyuta kubwa, dosie ilikuwa imejaa. Blandine alizihesabu kwa penseli: arobaini na moja, kila moja mahali pake. Kando ya kila barua palikuwa na mshale mdogo uliopinda, alama ambayo mashine huiweka barua inapojibiwa. Evariste akafungua sanduku la zilizotumwa. Kulikuwa na majibu arobaini na moja kutoka kwa Damas, yote ya Jumapili, saa tisa na dakika ishirini, toka nyumba isiyokuwa na waya. Walifungua moja. Walifungua nyingine. Maneno yalikuwa yaleyale.

“Minye huyu. Niko nakuya.”

Mchana huo Damas walimkuta gare, kwenye ukingo wa saruji, ng'ambo ya pili, amekaa ameelekea nyuma ya reli ambako majani yameota. Hakuwa na jeraha. Albertine alimwomba arudi, akamlilia, akamtukana, akamnyunyizia maji ya baraka yote yaliyobaki. Alikuwa kama hasikii. Alikuwa amesogea mwisho wa ukingo, akiacha kando yake nafasi ya kumtosha mtu mzima mmoja na mtoto, na mvua ya jana ilikuwa imekauka kila mahali isipokuwa pale.

Matanga yalikaliwa, siku tatu, kwa Clémentine na kwa Michel, na Albertine aliyaondoa kwa utaratibu wake wote. Nyumba ya Panda ni safi sasa, haina harufu wala nyayo. Blandine aliifuta kwa wino ile sentensi ya treni ya kwanza katika daftari la familia, akaandika ya kweli juu yake. Kila Jumamosi huenda misheni kunakili barua kwa mkono, na juu ya ukurasa huandika “Mama” tu.

Jumapili humpelekea baba yake bukari, yaani ugali, na sombe huko gare. Huweka sahani juu ya saruji, pale pakavu, akasimama kidogo, akaondoka. Hajawahi kumwita, hata mara moja. Hakuna haja. Saa ya gare ilisimama zamani, treni hazipiti, lakini wauza karanga wa pale wanajua muda kwa mzee yule: kila robo saa huinua kichwa, akatabasamu kuelekea reli, akaitika.